Sukari Kwenye Samaki

Jumapili, 3 Machi
Nimegombana tena na yule Zelig wa Cleveland, kule mtandaoni kwenye kundi la wapenzi wa deli, maduka ya vyakula vya Kiyahudi kama letu. Nimeweka picha ya samaki wetu wa kusaga tu — pilipili manga, karoti, basi. Huyo, kaja! Eti samaki wa Wayahudi wa Lithuania ni mkavu kama sisi wenyewe: vichwa vimejaa vitabu, moyoni barafu. Nikamjibu kwamba Wayahudi wa Poland kama yeye ni waongo tangu jikoni, wanatia sukari ili mteja asijue samaki ameanza kuvunda. Watu wamecheka mpaka basi. Raha iliyoje!
Mama hakugusa supu.

Jumatatu, 4 Machi
Kaka yangu Hesh anakata nyama ya pastrami dukani huku ananisema. Foleni imefika barabarani, Brooklyn yote ina njaa, na mimi nachati na kizee cha Cleveland. "Si uolewe naye tu!" Mshenzi.
Daktari kapiga simu. Mama asipoanza kula wiki hii, anarudi hospitali, kuwekewa mpira wa kulishia puani. Nimempandishia chumbani, juu ya duka, tambi, maini, hata ulimi wa ng'ombe. Anageukia ukutani. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Zelig kaniuliza: hivi nimewahi kuonja hao samaki wa sukari ninaowatukana?
Sijawahi. Miaka yote hii kwenye biashara! Marehemu Baba asingekubali. Sisi ni watu wa Vilna, Lithuania kwenyewe, alikuwa akisema, hatuli peremende na samaki. Mama akiitikia kwa kichwa, akichambua miba.
Sasa inaniwasha. Nimemuuliza anatia sukari kiasi gani. Nilidhani atanicheka — wapi! Kaniandikia yote taratibu, kama alivyopika bibi yake, mpaka maganda ya vitunguu ya kutia rangi. Kumbe ana adabu zake.

Ijumaa, 8 Machi
Jua linakaribia kuzama, Sabato ikiingia ni marufuku kuandika, naandika haraka, kando ya kitanda cha Mama. Nimepika! Hesh kanusa sufuria, kauliza nani kafa. Nimeonja. Utamu kwanza, halafu samaki, halafu pilipili kwa mbali. Si mbaya. Inakera kwamba si mbaya!
Nikampandishia Mama kipande, tuwatukane wa Poland pamoja. Kaonja. Kaninyang'anya kisahani. Kala chote, kafuta mchuzi kwa mkate, kataka kingine! Nimelia hapa hapa, mbele yake.
Zelig anaandika kwenye simu: haya, watu wa Lithuania wamesemaje? Nimeigeuza simu kifudifudi.
Nimemuuliza Mama samaki huyu kamjulia wapi. Na kwao hasa ni wapi. Kaacha kutafuna, kautazama mlango. Halafu kwa sauti ya chini:
"Funga kwanza, mwanangu. Baba yako asijue."
Baba yuko kaburini, lakini nimeufunga.