Noti Zilizofuliwa Alby

Alby, Novemba

Kaka Rashidi,

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa hiyo nisikilize. Noti zako zimefuliwa. Ndiyo, zimefuliwa kwa sabuni, zikapigwa na pasi!

Dada yako Mwanaidi alifika huku ughaibuni kutoka Tanga baada ya mazishi yako. Akasema vitu vya marehemu havigawiwi kabla ya kufuliwa, na hapo sikubishana naye, ndivyo tulivyolelewa. Akashuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo na kanzu zako, mashati, hata mapazia. Kisha akaziona zile noti kuukuu za Marekani ulizokuwa ukikusanya, karibu na kaseti zako. Yeye akaona uchafu! Akaziloweka kwenye beseni.

Unaikumbuka ile ya Nebraska, tuliyomfuatia yule muuzaji wa noti za kale kule mjini kila Jumamosi mpaka akachoka na sura zetu? Benki ya kimji chenye kanisa na ghala la mahindi, basi, lakini ilitoa noti yenye jina lake, na mkuu wa benki akaitia sahihi kwa kalamu ya wino, kwa mkono wake. Ulikuwa ukiniambia, "Sahihi ya gavana wa benki kuu inajulikana nchi nzima. Huyu alijulikana na majirani zake tu. Mtunze." Wino umetoka, Kaka. Wote. Jina la mji lipo, yeye hayupo.

Niliichukua hiyo peke yake, nikampelekea yule muuzaji. Akaishika kwa ncha za vidole, akanirudishia, akaendelea kupanga noti zake. Afadhali angenitukana.

Na wewe nawe! Miaka yote unanifundisha mimi, mtu baki, nisizikunje, nisizishike na mikono ya mafuta, halafu dada yako wa tumbo moja humwambii hata neno? Ulidhani hutakufa?

Nilimwendea nikiwa tayari kugomba. Akafungua mlango, macho yamevimba, akanikabidhi noti nyingine zote ndani ya leso. "Chukua, mdogo wangu. Alizipenda sana, nikaona nisizitie kwenye mashine. Nimezifua kwa mkono."

Nikasema ahsante.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi sitaziuza wala kuzigawa. Na hasira hii nitaimalizia kwako, humu humu kwenye karatasi. Kesho namsindikiza dada yako uwanja wa ndege. Akiniuliza kama zimetakata, nitamwambia zimetakata.

Mdogo wako,
Hamisi