Kifaa cha Kushika Volti Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Machi 1995
Transista ya tatu imeungua. Moshi, harufu, basi. Tangu wakimbizi waje, zahanati ya Mbuba imefurika, redio ya upepo haizimwi na betri inashuka hadi volti kumi. Muuguzi Gaudensia akibonyeza kuita gari la hospitali Ngara, redio inakufa. Nimeahidi kifaa: betri ikiwa chini kipandishe, jua likizidi kwenye sola kishushe. Nani alinituma kuahidi?

Jumanne, 7 Machi
Kosa ni koili, ule waya wa kuzungusha. Niliisuka kwenye bolti ya lori. Chuma kitupu, kinachemka tu. Nimefungua televisheni mbovu ya parokia, nikachomoa kiini cheusi cha koili yake, kisichochemka. Padri hajajua.

Jumatano, 8 Machi
Kimekubali. Volti kumi na mbili kamili. Gaudensia akaita, Ngara wakamsikia vizuri. Wao walipojibu, mluzi ulijaa kwenye spika. Nikasema ni hali ya hewa. Nilijua ni kifaa changu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka sifa.

Alhamisi, 9 Machi
Mke wa jirani yangu Revokati, uchungu tangu jana. Gaudensia aliita gari. Ngara wakajibu, sisi tukasikia mluzi. Tukadhani linakuja. Asubuhi nzima tunatazama barabara. Mchana wanaume wakambeba kwa ingobyi, machela yetu ya miti, tukipokezana. Bega langu limechubuka. Tulipofika ndipo nikaambiwa: gari ni bovu, walituambia asubuhi ileile tumbebe. Mama yu hai. Mtoto hapana.
Revokati akaniuliza, "Fundi, walisema nini kwenye redio?"
Nikamwambia sikusikia.

Ijumaa, 10 Machi
Najichukia. Kusikiliza kunakula umeme kidogo, hata betri iliyochoka inatosha. Kifaa kinahitajika wakati wa kuongea tu. Swichi moja. Mimi nilitaka kifanye yote, saa zote.

Jumapili, 12 Machi
Nimefunga swichi baada ya misa. Kuongea, washa. Kusikiliza, zima. Gaudensia akaita. Ngara wakasema mke wa Revokati ameruhusiwa, mumewe aende kesho kumchukua, asisahau nguo zake. Nilisikia kila neno. Gaudensia alitaka kutuma mtu kwa Revokati. Nimekwenda mwenyewe kumwambia.