Babu wa Risala Amenitenga na Kaka Yangu

Mshauri wetu mpendwa, assalaam alaykum, nakuandikia nikiwa Ghubra, hapa Maskati, kwa mama yangu, nnaomba unishike mkono kabla nyumba yetu haijagawika. Mama ni mtu mzima sana, na tangu augue hana hadithi nyengine ila ya babu yake mzaa baba, Sleyum bin Marhoon, aliyetoka Maskati kijana akenda Hindi akatumikia jeshi la Mwingereza, kisha ndiyo akahamia Unguja ambako mama alizaliwa, na kwetu hakuitwa jina jengine ila Sleyum wa Risala, nasi siku zote tukijua kuwa alikuwa akichukua barua za jeshi, na mama anataka ajue kweli yake kabla hajaondoka duniani, basi nikawaandikia huko Uingereza wanaohifadhi kumbukumbu za jeshi lao, nikawapa jina lake kamili pamoja na kabila letu, wakajibu hawamjui, nikaandika tena nikiulizia wachukuzi wa barua, wakajibu vilevile, nikauliza kwenye kundi la ukoo kwenye simu, na hapo ndipo kaka yangu mkubwa Nasr, anayekaa Sib, si mbali na hapa, alipofura. Akanipigia: "Masouda, una wazimu? Wenzako wanatafuta mashekhe kwenye nasaba zao, wewe unatutafutia tarishi wa makafiri!"

Nikamwambia mama ndiye anayetaka.

"Mama anataka dua, hataki Waingereza. Ukiendelea, hapo Ghubra mimi sikanyagi."

Na kweli hakanyagi, kila Ijumaa mama humtengea sahani yake akauliza, "Nasr kakwama njiani?" nami nnamjibu kwa uongo kuwa ana kazi, na mama mwenyewe huzidi kunichanganya, anasema babu alihadithia kuwa aliona ndovu wakipanda milima ya Habash, huko Ethiopia, na mizinga migongoni, jambo ambalo Nasr hulicheka akisema tarishi huyo alikuwa mwongo pia. Niendelee nimpoteze kaka, au niache mama abaki na kiu yake?

Masouda, Ghubra

Mwanangu Masouda, wa alaykum salaam. Pole kwa sahani hiyo inayopoa. Nitaanza na babu, maana yeye ni rahisi kuliko kaka.

Risala kwetu ni ujumbe, ni barua, kweli. Lakini neno hilo la Kiarabu lilisafiri, na katika jeshi la Hindi likawa jina la kikosi cha askari wapanda farasi. Mtu wa risala hakubeba barua. Alipanda farasi na upanga kiunoni. Na hao ndovu anaowacheka kaka yako ni wa kweli. Mwaka 1868 Mwingereza alipeleka Habash jeshi kutoka Bombay, na ndovu wa Hindi wakambebea mizinga milimani. Nasr ameuita uongo ushahidi bora mlio nao.

Kosa jengine ni letu sote tuliorudi huku Omani kutoka Unguja. Tumezoea kabila mwishoni mwa jina, kama kwenye kitambulisho, tukadhani hata wazee waliandikwa hivyo. Karani wa Bombay aliandika jina la mtu na la baba yake, kwa kadiri sikio lake lilivyoshika. Tafuta Salim Marhun, Suloom Murhoon, kabila liache. Na usiulize jeshi la Uingereza. Ulizia kumbukumbu za serikali ya Hindi zilizoko London, na orodha za nishani za vita vya Habash. Majina mengi ya askari wa kawaida yamepotea, nakuambia mapema. Huenda usimpate yeye ukapata kikosi chake, na hiyo nayo ni habari ya kumpelekea mama.

Sasa wewe. Lile la kundi la ukoo umelipitisha mbio, kama mtu apitaye mbele ya mkubwa bila salamu. Nasr ndiye mkubwa wenu, na habari ya babu yake ameisoma pamoja na wakwe na mabinamu. Hilo ndilo lililomuuma, Waingereza ni kisingizio tu. Babu alitafuta riziki, kama wengi wa pwani hii, na riziki haina aibu. Kaka yako naye amekosa, mtu hagombani na dada akamsusia mama. Mwambie nimesema, lakini si siku ya kwanza.

Mama usimdanganye tena. Wala usimwandikie Nasr kwenye simu. Nenda Sib mwenyewe, ubishe hodi, useme, "Nisamehe kaka, nilipaswa kuanza kwako," kisha unyamaze mpaka ajibu. Akikukaribisha chai, ndipo umwambie babu hakuwa tarishi, alikuwa na farasi. Hata mwenye hasira atauliza farasi wa rangi gani. Mwambie hujui, ila mama huenda anajua, na Ijumaa iko karibu.