Mzee Aliyeniuliza Njia

MAELEZO YA SHAHIDI
Jalada la mtu aliyepotea

Jina: Fundi Dira, kama anavyojulikana kazini (jina la kitambulisho limo jaladani)
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi viatu
Makazi: Chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Yamechukuliwa: Ijumaa, tarehe 14, saa 6:10 mchana

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa wala kukamatwa. Nimeonywa niseme ukweli mtupu na nimekubali, ingawa nimechelewa siku mbili.

Nilihamia mji huu miezi minane iliyopita. Kwetu nilikuwa fundi viatu peke yangu, lakini watu walipoanza kununua viatu vya plastiki ambavyo vikikatika vinatupwa, kazi ikakauka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaniambia njoo huku, huku watu wanatembea sana na soli zinaisha. Hakunidanganya. Nilipata nafasi kwenye pembe ya jengo la bima, chini ya ngazi, ubavuni mwa muuza magazeti ambaye amezaliwa hapa hapa.

Naomba iandikwe kwamba kazi ya viatu naijua. Kinachonishinda ni mji. Siku ya kwanza, kutoka stendi, nilipita mbele ya duka moja la dawa mara tatu, mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza naumwa nini. Wiki ya pili nilimpelekea mteja viatu vyake saa nane mchana nikarudi saa kumi na moja jioni, na ofisi yake iko ng'ambo ya barabara. Muuza magazeti ndiye aliyenibatiza jina la Dira, na sasa hata wateja wananiita hivyo wakidhani ni sifa. Kila nikinyanyuka ananiambia, "Dira, ukifika nchi jirani utupigie simu." Nacheka naye. Lakini mtu mwenye watoto watatu kuchekwa kila siku kunauma. Mgeni kuku mweupe, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mweupe.

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumanne, majira ya saa tano kasorobo asubuhi, alifika mzee mmoja mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, suruali ya kijivu. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachia soli. Alisalimia, "Hamjambo hapa," ingawa nilikuwa peke yangu, kwa sababu muuza magazeti alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimkaribisha kwenye kigoda nikaanza kazi.

Mzee alinieleza kwamba aliletwa mjini Jumapili na binti yake, kwa kuwa mke wake alilazwa siku hiyo hospitali kubwa. Binti alikuwa ametoka alfajiri kumpelekea mama uji, na alimwambia baba asubiri chumbani mpaka arudi kumchukua. Nikamuuliza mbona hakusubiri. Akasema, "Mwanangu, miaka arobaini na sita mama yule hajaamka asinione. Leo ni siku ya pili. Nikichelewa ataanza kuzoea." Tukacheka wote wawili.

Soli nilibandika kwa gundi kisha nikaishona kuizunguka. Sikumtoza. Alisimama, akakanyaga kanyaga, akasema nimempa kiatu cha kwenda kuposa tena. Halafu akaniambia, "Sasa wewe mwenyeji, nielekeze. Hospitali kubwa iko upande gani?"

Ni neno hilo, afande. Mwenyeji. Tangu nihamie hapa hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Hospitali kubwa nilikuwa naijua kwa jina tu. Ningeweza kumwambia, "Subiri kidogo, mzee, jirani yangu anarudi sasa hivi," na kweli muuza magazeti alirudi baada ya dakika zisizozidi tano. Badala yake nikakumbuka kibao chenye msalaba mwekundu na mshale, nilichowahi kukiona kwenye mzunguko wa magari, nikanyoosha mkono kama mtu aliyekatwa kitovu hapa. Nilisema, "Nenda mpaka mzunguko, shika kulia, ukiona kibao chenye msalaba fuata mshale, moja kwa moja. Huwezi kupotea." Hayo maneno ya mwisho niliyasema mimi kwa mdomo wangu.

Akaniombea heri akaondoka. Alipofika kwenye mzunguko aligeuka kunitazama, nikamwashiria kulia. Akapunga mkono, akashika kulia. Sikumwona tena.

Muuza magazeti aliporudi nilitaka kumsimulia, nikanyamaza, kwa kuwa angeuliza nimemwelekeza vipi. Jioni, saa moja, nilimpigia simu mke wangu nikamwambia leo nimeulizwa njia, tena nimeitwa mwenyeji. Akacheka sana. Akasema, "Haya, mwenye mji wake. Na ulimwelekeza sawasawa?" Nikamwambia simu inaishiwa chaji.

Mnamo tarehe 12, siku ya Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, alikuja mwanamke mwenye umri kama wangu, amebeba karatasi na kopo la gundi, akabandika moja kwenye nguzo iliyo karibu nasi. Picha ilikuwa ya mzee yule, na shati lile lile. Alituuliza wote wawili. Muuza magazeti akasema hakumwona. Yule mwanamke akanigeukia: "Na wewe, kaka, hujamwona baba yangu? Kiatu chake kilikuwa kibovu, nikadhani huenda alipita kwa fundi."

Nikasema, "Hapana, dada."

Nimeulizwa kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka kabla sijalifikiri, na lilipotoka likanishika ukosi. Muuza magazeti alikuwa ananitazama. Nilikwisha kumsikia kichwani mwangu akiwasimulia watu kwamba Dira sasa anapoteza hadi baba za watu. Nikajiambia mzee atakuwa ameuliza watu wengine na kufika, mji hauna uhaba wa midomo. Yule dada akanishukuru. Akaniomba nikimwona nipige namba iliyo kwenye karatasi, nami nikasema sawa, nitapiga.

Alipoondoka nilimuuliza muuza magazeti, kama mtu anayepiga soga tu, hospitali kubwa iko wapi. Akaonyesha nyuma yake kwa kidole gumba. Iko nyuma ya posta, dakika kumi kwa mwendo wa mzee. Nikamuuliza kuhusu kile kibao cha kwenye mzunguko. Akasema kile ni cha duka la dawa za mifugo, na duka lenyewe lilishafungwa, barabara ile inakwenda kuishia huko kwenye maghala. Akaniuliza, "Kwani Dira umenunua ng'ombe?" Sikuweza kucheka.

Hiyo ilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi. Tangu saa hiyo nilijua. Namba ya simu ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nami nikageuza kigoda nikaipa nguzo mgongo. Kiatu cha mteja mmoja nilikishona mpaka ulimi nikaushonea ndani ya soli, ikabidi nifumue. Alhamisi tarehe 13, mchana, niliacha kazi nikaenda kumtafuta mwenyewe. Nilifika kwenye mzunguko. Nikaiona barabara ile ilivyo ndefu, malori matupu na kuta za maghala zinazofanana, nikaogopa kupotea. Ndiyo, afande, andika hivyo hivyo. Nilirudi.

Leo, tarehe 14, saa nne asubuhi, yule dada alikuja tena. Hakuwa na gundi, alikuwa na kalamu nene. Chini ya picha ya baba yake akaandika, "Baba, mama ametutoka leo alfajiri. Hatuziki bila wewe." Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Muuza magazeti alivua kofia. Nilisimama, nyundo bado iko mkononi, nikamwambia, "Dada, nilimwona. Mimi ndiye niliyemwelekeza, na nilimwelekeza vibaya."

Akauliza, "Lini?"

Nikasema Jumanne.

"Na Jumatano nilipokuuliza?"

Hakunipiga wala hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili na ningeyapokea. Alisema tu, "Mama alikuwa anamuulizia mpaka jana jioni." Akafunika kalamu yake akaenda kwenye nguzo nyingine.

Nimeulizwa kama nilimpotosha mzee kwa makusudi. Najibu hapana. Nimeulizwa kama naifahamu barabara niliyomwelekeza. Najibu sijawahi kuipita hata siku moja. Nimeulizwa nilifikaje hapa. Muuza magazeti ndiye aliyenielekeza, na njiani niliuliza tena mara mbili. Watu husema kuuliza si ujinga. Mzee yule hakuwa mjinga, aliuliza. Mjinga alikuwa aliyeulizwa, na ujinga ningeweza kusamehewa. Ile "hapana" ya Jumatano ndiyo sijui nitaipeleka wapi. Mama yule alikuwa hai Jumatano, na alikuwa hai Alhamisi kutwa nzima.

Niko tayari kuongozana na polisi sasa hivi, ingawa msaada wangu unaishia kwenye mzunguko.

Nimesomewa niliyoyatenda na niliyoyanyamazia. Yako sawa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ameweka sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, konstebo wa zamu, kwa mkono wangu, na kumsomea shahidi kabla ya kuweka sahihi.

NYONGEZA, saa 11:20 jioni: Nimeongozana na shahidi katika barabara iliyotajwa. Mzee amepatikana akiwa hai, kwenye kibanda cha mlinzi wa ghala la mbao, yapata kilomita tatu kutoka kwenye mzunguko. Alitumbukia mtaroni siku ya Jumanne na kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kukanyaga. Namba ya binti yake hakuwa nayo. Mlinzi alimpa maji, chakula na mahali pa kulala. Yuko peke yake lindoni, mwenye ghala amesafiri. Binti amejulishwa na yuko njiani. Habari za mkewe, mzee bado hajaelezwa.

Nilimuuliza mlinzi kwa nini hakutuma mtu kutoa taarifa kituoni kwa siku zote hizo. Alieleza kwamba alitaka kufanya hivyo tangu Jumatano, mzee ndiye aliyemzuia. Mzee amekiri, akarudia mbele ya shahidi maneno aliyokuwa akimwambia mlinzi kila asubuhi: "Usihangaike, mwanangu. Binti yangu atapita kwa yule fundi viatu, na fundi atamwambia nilikoelekea."