Majirani wa Liwali Pang

Suyun mdogo wangu, uliyeolewa mbali ukatusahau,

Sisi tupo. Meno yangu yamebaki ya kuchekea tu. Kaka yako Wenji bado anaandika historia ya ufalme, na bado anatambaa, kwa magoti aliyovunjwa na Liwali Pang siku alipokataa kumwandika kwa sifa.

Sasa Pang kazeeka, anaogopa kufa bila jina. Alikuja na bata wa kuokwa, akapiga magoti. Yeye si anayo!

"Mwalimu Wenji, niandike, nakusihi."

"Nitakuandika, Mheshimiwa. Wema wako wote."

Nusura nimzabe kaka yako kofi. Lakini kweli aliandika: daraja alilojenga Pang, ghala alilowafungulia wenye njaa. Hakutia neno baya hata moja. Pang akasomewa mbele ya wanawe, akalia kwa furaha.

Unajua historia zetu huwapanga watu kwa sura za kitabu, maliwali wema sura yao na wakatili sura yao. Pang akauliza, "Mimi nimekaa na nani?"

"Na wachekeshaji wa ikulu. Kabla yako yupo mbilikimo aliyembwekea mfalme kama mbwa. Baada yako, yule aliyekuwa akijamba nyimbo."

"Nihamishe, mshenzi wewe!"

"Kitabu kimeshakwenda ikulu, Mheshimiwa. Na wajukuu wa wajukuu zako watakisoma."

Pang akatolewa amebebwa. Wenji akacheka mpaka akakohoa, Suyun, kwa mara ya kwanza tangu tuletewe yeye mlangoni kwenye machela.

Ni mimi kaka yako mkorofi,
Dashun