Namba Aliyoisoma Bi Time

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka Chake Chake, mvua haijakatika tangu nifike. Nawakalimania maofisa wa nchi tatu waliokuja kutia saini ushirikiano wa kupambana na wezi wa mitandaoni. Asubuhi nzima kila mmoja alisifu kupeana taarifa, kisha akasema zake ni siri.

Mpishi wetu, Bi Time, alipoleta pweza wa nazi alishindwa kunyamaza. Wezi waliiteka akaunti yake, wakawaomba ndugu zake wa Maskati pesa za matibabu kwa jina lake. "Mie namba yao ya simu n'nayo," alisema, akaisoma kwa sauti.

Ofisa wa kwanza akafunua faili. "Hii tunayo tangu mwaka jana."

"Hata sisi," akasema wa pili. Wa tatu akalifunika faili lake haraka.

"Na hamwambiani?" akauliza Bi Time.

Nilitafsiri kwa raha zote. Mkubwa wao akajibu kwamba swali liletwe kwa maandishi. Kisha wakapiga picha ya mafanikio, Bi Time akaombwa asogee pembeni.

Nimekukumbuka mno, nibusie wanao. Mtu akikuomba pesa kwa jina langu, usimpe hata akilijua jina lako la utotoni. Huku hakuna anayemtafuta.

Mdogo wako,
Rukia