Mama Mkwe Nyuma ya Gari

Jinja, Jumamosi

Yaani mama mkwe amenisukumia gari, na gauni lake la gomesi, lile la sherehe, mimi nimekaa kwenye usukani!

Starta ilianza kusumbua wiki jana. Mke wangu aliniambia niitengeneze kabla sijaenda Mbale kumchukua mama yake. Nikamjibu imeshatengenezwa, na wala sikuwa nimeigusa.

Kwao mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Njia nzima alikaa nyuma, nami kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikigeuza juu nisimtazame usoni. Tulipofika Wanyange akasema, "Afande, simama nimnunulie mtoto wangu samaki." Jina langu halitaji, kwao ni mwiko; huniita kwa kazi yangu. Ningeacha gari linanguruma, angejua ni bovu. Nikazima.

Halikuwaka tena.

Nikitafuta watu wa kusukuma, yeye akavua viatu. "Ingia uwashe. Mimi nimezoea jembe."

Nikakirudisha chini kile kioo cha ndani. Nikamwona ameteleza, ameangukia magoti kwenye tope, akainuka, akasukuma tena. Likawaka.

Nyumbani mke wangu akaliona lile tope. "Mama, umeanguka wapi?"

"Nimeteleza nikinunua samaki," akajibu, bila kunitazama.

Nami nikasema, "Pole sana, mama." Kama mtu ambaye hakuwepo.